Ushirikiano na Polisi Hauishii Kwenye Picha ya Pamoja

Mwaka 1971 Jeshi la Polisi la London lilimwandikisha askari mwanamke wa kwanza wa Kiasia nchini Uingereza. Jina lake Karpal Kaur Sandhu. Alizaliwa Zanzibar mwaka 1943 katika familia ya Masingasinga, akahamia Uingereza mwaka 1962, akafanya kazi ya uuguzi kabla ya kuvaa sare. Wakubwa zake waling'amua mapema kwamba wamempata mtu anayeweza kuzungumza na watu ambao askari wengine hawakujua hata kuwasalimu. Novemba 1973 aliuawa na mumewe, ambaye hakutaka mkewe afanye kazi ile. Alikuwa na miaka 30.

Tunamtaja Bi Karpal kwa sababu ni wa kwetu, na kwa sababu maisha yake mafupi yamebeba pande mbili za jambo tunalotaka kulisema. Upande mmoja, polisi wakiwa na mtu anayeijua lugha na desturi za mtaa, milango hufunguka. Upande wa pili, hatari kubwa kuliko zote pengine haiko barabarani. Imo ndani ya nyumba, na haifiki kwenye mkutano wowote wa hadhara. Kila panapotokea fujo nchini humu, huzungumzwa sana juu ya ushirikiano wa polisi na jamii za Kiasia. Maoni yetu ni kwamba ushirikiano huo unapimwa kwa kipimo kibovu. Unahesabiwa kwa mikutano na picha, wakati ungepaswa kuhesabiwa kwa majibu wanayopata watu wa kawaida katika siku za kawaida.

Kwa nini jambo hili ni letu

Huenda msomaji akauliza: chama cha Kiswahili kina nini na polisi na Waasia? Jibu liko katika historia yetu wenyewe. Hapa Uingereza neno "Waasia", likisemwa mitaani, huwa na maana ya watu wenye asili ya India, Pakistani, Bangladeshi na Sri Lanka. Wengi kati yao hawakutoka huko moja kwa moja. Walipitia kwetu. Walitoka Nairobi, Mombasa, Kisumu, Kampala, Jinja, Dar es Salaam, Mwanza na Unguja.

Mwaka 1968, Wahindi wa Kenya wenye pasi za Kiingereza walipoanza kuja kwa wingi, Bunge la hapa lilipitisha kwa siku tatu tu sheria ya kuwazuia. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, na takribani watu 28,000 wakaja Uingereza. Baraza la mji wa Leicester lilitia tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasiende Leicester. Walikwenda hata hivyo, na leo mji huo unajisifia kwa ajili yao. Katika sensa ya 2021 Waasia walikuwa asilimia 43.4 ya wakazi wa Leicester, na Wazungu asilimia 40.9. Ukipita Belgrave Road utakuta muhogo wa kukaanga unauzwa kwa jina la "mogo", na si ajabu kuwasikia wazee wawili wa Kigujarati wakitaniana kwa Kiswahili.

Hata mgomo maarufu wa wafanyakazi wanawake wa Kiasia nchini humu, ule wa kiwanda cha kusafishia picha cha Grunwick, London, ulioanza Agosti 1976 na kumalizika 1978, uliongozwa na Jayaben Desai, aliyewahi kuishi Tanganyika. Wengi wa wenzake walikuwa wametoka Afrika Mashariki. Nao walijuana na polisi wa Kiingereza kwa njia ngumu, kwani mamia ya watu walikamatwa mbele ya lango la kiwanda kile.

Kwa hiyo hatuzungumzi habari za jirani wa mbali. Baadhi ya wanachama wetu ni wajukuu wa watu hao. Wengine wetu, tuliotoka Pwani, Kongo au Burundi, tumepanga vyumba katika mitaa hiyohiyo, tunapanda mabasi hayohayo, na kitasa kikivunjwa usiku tunapiga simu kituo kilekile.

Tukubali pia kwamba tuna tabia ya kuwaweka watu wote hawa kapu moja. Kwetu, Mgujarati, Mpunjabi, Mgoa, Mwismailia, Bohora na Singasinga wote tuliwaita Wahindi, tukamaliza. Polisi wa hapa nao hufanya kitu kama hicho. Huwaweka wote chini ya neno moja, "Mwasia", na wanadhani wakizungumza na mmoja wamezungumza na wote. Mwenye duka Mhindu wa Leicester, mpishi Mbangladeshi wa Whitechapel na dereva wa teksi wa Bradford mwenye asili ya Mirpur hawana hofu moja, wala hawana historia moja na askari.

Kumbukumbu haifutiki kwa chai

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Polisi wengi huja kwenye mikutano ya mitaa wakishangaa kwa nini watu wanawatazama kwa jicho la pembeni. Wangesoma historia ya mitaa yenyewe, wasingeshangaa.

Juni 1976 kijana wa miaka 18, Gurdip Singh Chaggar, aliuawa kwa kisu na kundi la vijana wa Kizungu katika mtaa wa Southall, magharibi mwa London. Vijana wa Kiasia waliona kwamba polisi hawakulipa jambo lile uzito wake, wakaunda umoja wao wa kujilinda. Miaka mitatu baadaye, tarehe 23 Aprili 1979, wakazi wa Southall waliandamana kuupinga mkutano wa chama cha wabaguzi cha National Front. Katika vurumai ile mwalimu Blair Peach, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa upande wa waandamanaji, alipigwa kichwani akafa. Ripoti ya ndani ya polisi wenyewe, iliyosema kwamba yaelekea aliuawa na askari, ilifichwa mpaka mwaka 2010. Hakuna askari aliyeshtakiwa.

Mwaka 1981 huko Bradford, vijana 12 walikamatwa kwa kutengeneza chupa za petroli. Hawakukana. Walisema walisikia wabaguzi wanakuja kuvamia mtaa wao, na hawakuamini kwamba polisi wangewalinda. Mwaka 1982 baraza la wazee wa mahakama liliwaachia huru wote. Tafakari uzito wa uamuzi ule: raia 12 wa kawaida walioketi mahakamani waliona kwamba hofu ya vijana wale kwamba hakuna wa kuwalinda ilikuwa na msingi.

Tuseme hayo ni ya zamani. Basi tutazame Birmingham mwaka 2010. Zaidi ya kamera 200 zilifungwa katika mitaa yenye Waislamu wengi, hasa Sparkbrook na Washwood Heath, baadhi yake zikiwa zimefichwa. Wakazi waliambiwa ni za kupunguza wizi na fujo. Ilipojulikana kwamba fedha zake zimetoka katika fungu la kupambana na ugaidi, hasira ilikuwa kubwa mno. Polisi waliomba radhi, na kamera zikang'olewa mwaka uliofuata. Hasara ya mpango ule ilizidi bei ya kamera. Watu waliokuwa wamekubali kukaa meza moja na polisi walionekana mbele ya majirani zao kama wajinga, au wasaliti. Nani tena angenyanyua mkono kujitolea?

Hatuyataji haya ili kuchochea chuki. Tunayataja kwa sababu imani ni kama akiba. Huwekwa kidogokidogo kwa miaka mingi, na hutolewa yote kwa siku moja. Afisa anayekuja mtaani leo anarithi deni la waliomtangulia, apende asipende. Akilikiri, watu watamsikiliza. Akijifanya halipo, ataishia kunywa chai na kuondoka.

Nani anakaa mezani?

Septemba 2022, baada ya mechi ya kriketi kati ya India na Pakistani iliyochezwa mwishoni mwa Agosti, Leicester ilishuhudia vijana wa Kihindu na wa Kiislamu wakikabiliana barabarani. Uvumi wa mitandaoni, mwingine ukisambazwa na watu wasiowahi kukanyaga mji huo, ulichochea moto. Viongozi wa misikiti na mahekalu walisimama pamoja na kutoa wito wa amani. Jambo jema. Lakini wengi wa vijana waliokuwa barabarani hawakuwa wakiwasikiliza viongozi wale kabla ya fujo. Kwa nini wangewasikiliza baada yake?

Hili ndilo tatizo la mtindo uliozoeleka. Polisi wanapotaka "kuzungumza na jamii", wanawatafuta wenyeviti: mwenyekiti wa msikiti, mwenyekiti wa hekalu, mwenyekiti wa gurdwara, mfanyabiashara mkubwa, diwani. Karibu wote ni wanaume, na wengi wao ni watu wazima. Ni watu wa heshima na tunawaheshimu. Lakini mlango mmoja tu ukiwekwa, mwenye ufunguo ndiye huamua nani apite.

Mfano mchungu kuliko yote ni Rotherham. Ripoti ya Alexis Jay ya Agosti 2014 ilikadiria kwamba watoto wapatao 1,400 walinyanyaswa kingono katika mji huo kati ya 1997 na 2013, na kwamba wahalifu wengi waliotajwa na waathirika walikuwa wanaume wenye asili ya Pakistani. Polisi waliwadharau watoto wale. Baadhi ya watumishi wa baraza waliogopa kulisema jambo wazi wasije wakaitwa wabaguzi. Sehemu moja ya ripoti hiyo haizungumzwi sana: wanawake wenye asili ya Pakistani walilalamika kwamba mazungumzo na jamii yao yalipitia kwa viongozi wanaume, na wao hawakuulizwa. Watu ambao huenda wangekuwa wa kwanza kusema wanachokiona hawakuwa na kiti. Matokeo yake kila mtu aliumia. Watoto waliumia kuliko wote, na baadaye maelfu ya Waasia wasio na hatia wakabebeshwa lawama kwa makosa ya wengine.

Kuna pia wanaodhani tatizo litakwisha tukiwa na watu wetu juu. Hebu tuhesabu. Tangu 2019 Uingereza imekuwa na Waziri wa Mambo ya Ndani ambaye wazazi wake walitoka Uganda, Priti Patel. Kisha mwingine ambaye baba yake alitoka Kenya, Suella Braverman. Na Waziri Mkuu ambaye baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika, Rishi Sunak. Yaani Afrika Mashariki ilitoa zaidi ya fungu lake. Je, mama wa Southall anayeogopa kwenda kituo cha polisi amepungukiwa na hofu? Sura iliyo juu haitoshi kama chini hakuna mtu. Katika sensa ya 2021 Waasia walikuwa asilimia 9.3 ya wakazi wa England na Wales, na miongoni mwa askari polisi hawafiki hata nusu ya kiwango hicho.

Tunachokitaka

Kwanza, jibu. Katika mwaka ulioishia Machi 2024, polisi wa England na Wales waliandikisha zaidi ya makosa 140,000 ya chuki, mengi yao yakiwa ya ubaguzi wa rangi. Tangu ripoti ya Macpherson ya Februari 1999, iliyotokana na mauaji ya kijana Stephen Lawrence, tukio huandikwa kuwa la kibaguzi ikiwa mwathirika au mtu mwingine yeyote anaona ni la kibaguzi. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, na iliwafaa Waasia sawa na watu weusi. Lakini kuandikwa si kushughulikiwa. Mwenye duka anayetukanwa kila Ijumaa usiku hupiga simu mara ya kwanza, hupewa namba ya kumbukumbu, na huo huwa ndio mwisho. Mara ya tatu hapigi tena. Kisha polisi wanasema mtaa umetulia. Tunataka kila anayeripoti apewe jibu kwa muda uliowekwa, hata kama jibu ni kwamba mhalifu hakupatikana. Mtu huvumilia kushindwa kwa polisi kuliko kupuuzwa nao.

Pili, mpaka. Anayekwenda kuomba msaada asijikute anachunguzwa yeye. Desemba 2018 shirika la Liberty na Southall Black Sisters, kikundi cha wanawake kilichoanzishwa mwaka 1979, yalipeleka malalamiko rasmi kwamba polisi huwapa maofisa wa uhamiaji taarifa za wanawake wanaokuja kuripoti kupigwa nyumbani. Miaka miwili baadaye wakaguzi wa polisi waliyakubali mengi ya malalamiko hayo, wakapendekeza utaratibu huo usimamishwe kwa waathirika wa ukatili wa nyumbani. Serikali haikukubali kujenga ukuta kamili kati ya polisi na uhamiaji. Matokeo yake, mume mkatili ana silaha ambayo haikuundwa na yeye: humwambia mkewe, "Nenda polisi, watakurudisha kwenu." Maadamu neno hilo lina ukweli ndani yake, vipeperushi vyote vya polisi vilivyotafsiriwa kwa Kigujarati na Kiurdu havina faida kwa mwanamke huyo.

Tatu, lugha. Ni aibu kwa mtoto wa miaka kumi kumtafsiria mama yake mbele ya askari jinsi alivyopigwa, tena pengine na baba yake mtoto huyo. Ni hatari pia kumtumia shemeji au jirani. Mkalimani wa kazi hii awe amesomea, awe anajua kunyamaza, na asiwe ndugu wa mtuhumiwa. Hili linawahusu Waswahili sawa na Wapunjabi.

Nne, ukaguzi. Sehemu nyingi zina kamati za raia zinazopitia kumbukumbu za upekuzi wa barabarani na kutazama video za kamera zinazovaliwa na askari. Kamati hizi mara nyingi hazijulikani, na vijana ambao ndio hasa hupekuliwa hawamo. Ushirikiano usio na haki ya kukagua ni ukarimu tu, na ukarimu humalizika mwenye nyumba akibadili mawazo.

Haya yote hayahitaji fedha nyingi kama yanavyohitaji uvumilivu. Tuchukue wizi wa dhahabu. Familia nyingi za Kiasia huweka nyumbani bangili, mikufu na vipuli vya harusi vilivyorithiwa kutoka kwa mabibi, na wezi wanajua. Hapa polisi na wakazi wana haja moja, bila siasa. Askari wa mtaa anayekuja kabla ya Diwali au Idi, akawafundisha watu kupiga picha vito vyao, kuvitia alama isiyoonekana na kuuliza maswali wanapovinunua kwa watu wasiowajua, ameweka akiba. Akirudi baada ya sikukuu kuuliza hali, ameongeza. Siku ya tukio kubwa atakuwa na mlango wa kugonga.

Hoja za wanaotupinga

Wako wenzetu, hata ndani ya chama hiki, wanaosema kwamba kushirikiana na polisi ni kujidanganya. Wanatukumbusha ripoti ya Louise Casey ya Machi 2023, iliyosema kwamba Polisi wa London wana ubaguzi wa rangi na wa kijinsia ndani ya mfumo wao, tena miaka 24 baada ya Macpherson kusema jambo linalofanana na hilo. Je, mtashirikiana nao mpaka lini?

Hoja hii ina nguvu, na hatutaki kuipita haraka. Lakini tunawauliza: usiku ule wa tarehe 30 Julai 2024, wahuni walipouzingira msikiti wa Southport kwa uvumi wa uongo kwamba aliyewaua watoto watatu wa mji ule alikuwa Mwislamu mtafuta hifadhi, nani alisimama kati yao na watu waliokuwa ndani? Walikuwa askari, na wengi wao waliumizwa. Asubuhi yake majirani wa mji ule, wengi wao si Waislamu, walikuja na matofali na saruji kuujenga upya ukuta uliovunjwa. Hao na askari wote walihitajika. Tajiri anaweza kuajiri mlinzi. Maskini wa mtaani hana mlinzi ila jirani na polisi, na akiukosa msaada wa mmoja hubaki na nusu ya usalama.

Tukumbuke pia Finsbury Park, Juni 2017. Mtu aliendesha gari makusudi akawagonga waumini waliotoka kuswali Tarawehe, akamuua mmoja. Watu wenye hasira walimkamata. Imamu Mohammed Mahmoud aliwazuia wasimguse mpaka polisi walipofika wakamchukua. Mahakama ilimhukumu kifungo cha maisha. Imamu yule hakufanya vile kwa kuwa anawapenda polisi kupita kiasi. Alifanya vile kwa sababu alijua kwamba haki ya mahakamani ina faida kwa watu wake kuliko kisasi cha barabarani. Kudai haki kutoka kwa polisi ni kazi ya raia. Kuwasusa ni kuwaachia wafanye wanavyotaka.

Upande mwingine wako wanaosema: kwa nini Waasia wapewe mpango wao? Polisi ni wa wote, na watu wote ni sawa. Tunakubali kwamba polisi ni wa wote. Ndiyo sababu hasa wanapaswa kumfikia kila mtu pale alipo. Daktari anayewatibu wagonjwa wote kwa dawa moja hawatendei usawa. Tena hatuombi upendeleo. Jibu kwa anayeripoti, mpaka wa uhamiaji, mkalimani na kamati ya ukaguzi vitamfaa Msomali wa Leicester, Mkongo wa Sheffield, na hata mama wa Kiingereza anayeogopa mumewe.

Kazi iliyo mikononi mwetu

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Hatuwezi kuwadai polisi watimize wajibu wao na sisi tukakaa. Tunapendekeza mambo matatu yajadiliwe katika mkutano mkuu ujao wa chama.

La kwanza, wanachama wanaojua vizuri Kiswahili na Kiingereza, pamoja na wenzetu wanaojua Kigujarati, Kipunjabi au Kibengali, wahimizwe kusomea ukalimani wa huduma za umma, ambao una stashahada yake inayotambulika nchini humu. Tunaomba walimu wetu watusaidie kuunda kikundi cha mazoezi. Kazi ile ina malipo, ina heshima, na inaokoa watu.

La pili, wanachama wawili au watatu waombe nafasi katika kamati za kukagua upekuzi katika mtaa tunaoishi, kisha watuletee taarifa kila muhula. Wasiende kama wawakilishi wa Waafrika au wa Waasia. Waende kama wakazi.

La tatu, tuwaalike askari wa mtaa wetu chuoni, pamoja na wanawake wa vikundi vya msaada, wenye maduka, madereva na wanafunzi. Asiwepo mgeni rasmi, wala hotuba ndefu. Maswali yawe matatu tu, na yatumwe kabla ili majibu yaje tayari: Mwaka jana watu wangapi wa mtaa huu waliripoti matukio ya chuki, na wangapi walipewa jibu? Mwanamke asiye na kibali cha kuishi akija kituoni kuripoti kupigwa, taarifa zake zinakwenda wapi? Na ni nani anayeamua nani akaribishwe kwenye mikutano yenu na jamii?

Tukipata majibu ya kweli, tutayachapisha katika toleo lijalo la jarida hili. Tusipoyapata, tutachapisha maswali pamoja na tarehe tuliyoyauliza, na katika toleo litakalofuata tutayauliza tena.